Jina Moja, Vitu Viwili: Historia ya Kusimamia Mabadiliko ya Data za Bidhaa Viwandani

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili neno ndege lina maana mbili zinazofahamika na kila msemaji: kiumbe mwenye mbawa na chombo cha kusafiria angani. Msemaji hatatiziki, kwa kuwa sarufi humsaidia. Akisikia "ndege anaruka" anajua kwamba kinachotajwa ni kiumbe. Akisikia "ndege inaruka" anajua kwamba ni chombo. Jina halikubadilika hata kwa herufi moja, lakini upatanisho wa kisarufi umebeba tofauti ambayo jina peke yake haliwezi kuibeba. Na pale ambapo upatanisho hautoshi, muktadha humalizia kazi. Ndiyo maana lugha za binadamu huweza kuishi na maneno yenye maana nyingi, tena zikastawi.

Ipo hata hivyo lugha nyingine iliyotungwa na binadamu ambayo haina upatanisho wala muktadha. Hiyo ni lugha ya namba za vipuri inayotumika viwandani. Karani wa bohari anayepokea namba ya kipuri hana sentensi ya kumwongoza. Anayo namba tu, na sanduku linalobeba namba hiyo. Iwapo namba moja imepewa vitu viwili, karani hana njia ya kutambua. Vivyo hivyo programu ya kompyuta inayotunza orodha ya vipuri haina njia ya kutambua.

Mhadhara huu unafuatilia kwa ufupi historia ya namna viwanda vilivyojifunza kusimamia mabadiliko ya data za bidhaa zao, kuanzia michoro ya karatasi hadi programu za leo, kisha unachunguza matukio mawili: swichi ya kuwashia magari ya kampuni ya General Motors ya Marekani, na nyaya za umeme za ndege ya Airbus A380 huko Ulaya. Hoja inayotetewa ni kwamba matukio haya, ambayo aghalabu husimuliwa kama habari za uhandisi au za biashara, kiini chake ni cha kiisimu. La kwanza lilikuwa kosa la kutaja. La pili lilikuwa kosa la lahaja.

2.0 Kutoka Karatasi hadi Kompyuta

Kabla ya kompyuta, bidhaa ya kiwandani iliishi katika mchoro. Njia ya kunakili michoro kwa rangi ya buluu, iliyotokana na ugunduzi wa John Herschel wa mwaka 1842, iliwezesha mchoro mmoja wa asili kutoa nakala nyingi kwa ajili ya mafundi. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Mhandisi akiurekebisha mchoro wa asili, nakala zilizokwisha kusambazwa hazibadiliki zenyewe. Fundi aliye na nakala ya zamani huendelea kuchonga kipuri cha zamani, naye hana kosa.

Dawa iliyobuniwa ilikuwa ya kimaandishi. Katika pembe ya mchoro palitengwa kisanduku cha kuorodhesha masahihisho: herufi ya sahihisho, maelezo yake, tarehe, na saini ya aliyeidhinisha. Sahihisho la kwanza huitwa A, la pili B, na kuendelea. Kwa mwanaisimu inapendeza kuona kwamba kanuni za uchoraji za Kimarekani hazitumii herufi zote za alfabeti. Herufi I, O, Q, S, X na Z huachwa, kwa sababu huweza kudhaniwa kuwa tarakimu au kuchanganywa na alama nyingine. Waliotunga kanuni hizo walikuwa wanafanya kazi ile ile inayofanywa na mtunga othografia: kuhakikisha kwamba alama mbili zisizo sawa hazisomwi kuwa moja.

Katikati ya karne ya 20, silaha na vyombo vya anga vilikuwa na vipuri vingi kiasi kwamba kisanduku cha pembeni hakikutosha tena. Mwaka 1968 jeshi la Marekani lilitoa kanuni yake iliyojulikana kama MIL-STD-480, iliyoeleza jinsi badiliko linavyopendekezwa, linavyopimwa na linavyoidhinishwa kabla ya kuingizwa katika bidhaa. Kanuni za kiraia zilifuata, ikiwamo ISO 10007 ya mwaka 1995.

Wakati huohuo mchoro wenyewe ulikuwa unahamia katika kompyuta. Programu ya CATIA ilianza kutengenezwa mwaka 1977 katika kampuni ya ndege ya Dassault ya Ufaransa. Ndege ya Boeing 777, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 12 Juni 1994, ilikuwa ndege ya kwanza kubwa ya abiria kusanifiwa yote kwa kompyuta. Michoro ilipoongezeka ndani ya kompyuta, zikahitajika programu nyingine za kuitunza: ni mchoro upi ulio halali leo, nani aliubadili, na badiliko linaanza kutumika katika bidhaa ya ngapi. Katika programu hizo badiliko hupitia hatua tatu. Kwanza hutolewa ombi la badiliko. Pili hutolewa amri ya badiliko baada ya wahusika kuridhia. Tatu huwekwa mwanzo wa kutumika, yaani tarehe au namba ya bidhaa ambayo kuanzia hapo kipuri kipya kinachukua nafasi ya cha zamani.

3.0 Kanuni ya Jina Jipya

Si kila badiliko linastahili jina jipya. Kama kila alama ya nukta iliyosahihishwa katika mchoro ingezaa namba mpya ya kipuri, bohari zingejaa majina ya vitu vilevile. Wahandisi walikubaliana juu ya kipimo cha mambo matatu: umbo, mkao na kazi. Umbo ni sura na vipimo vya kipuri. Mkao ni namna kinavyoingiana na vipuri jirani. Kazi ni kile kinachotendwa nacho. Badiliko lisilogusa lolote katika hayo hubeba herufi mpya ya sahihisho tu, na namba hubaki. Badiliko linalogusa mojawapo, kiasi kwamba kipuri kipya na cha zamani haviwezi kushika nafasi moja pasipo tofauti, hudai namba mpya.

Sababu ya kanuni hii ni rahisi. Herufi ya sahihisho huandikwa katika mchoro, na mara nyingi haichapwi juu ya kipuri wala juu ya sanduku lake. Kipuri kikishatoka kiwandani, kinachosafiri nacho ni namba. Kwa maneno ya kiisimu, namba ni nomino na herufi ya sahihisho ni upatanisho wake. Na upatanisho huo hubaki ofisini wakati nomino inasafiri peke yake. Basi tofauti yoyote inayomhusu mtumiaji hapana budi ibebwe na nomino yenyewe.

Mafundi wa gereji wa Afrika Mashariki wanalijua jambo hili kwa njia yao. Fundi anapomtuma mwenye gari dukani kununua spea, aghalabu humpa kile kilichoharibika akakioneshe kaunta, ili muuzaji alinganishe kwa macho. Hiyo ni njia ya kuuongezea muktadha msamiati usiotosha. Njia hiyo hufaa pale tofauti inapoonekana. Haifai pale tofauti iko ndani ya kipuri kilichofungwa.

4.0 Swichi ya General Motors

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, General Motors ilisanifu swichi ya kuwashia gari kwa ajili ya magari yake madogo, kwanza Saturn Ion la mwaka 2003 na baadaye Chevrolet Cobalt la mwaka 2005. Swichi hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Delphi. Ndani yake mlikuwa na pini ndogo inayosukumwa na springi, ambayo kazi yake ni kuushikilia ufunguo usitoke katika nafasi ya "washa" mpaka dereva augeuze kwa kusudi. Pini na springi hiyo vilikuwa dhaifu. Nguvu iliyohitajika kuugeuza ufunguo ilikuwa chini ya kiwango ambacho General Motors yenyewe ilikiandika katika maelezo ya kipuri, na hata hivyo kipuri kiliidhinishwa mwaka 2002.

Matokeo yake ni kwamba goti la dereva likigusa ufunguo, au mkungu mzito wa funguo ukitikiswa na barabara mbovu, swichi iliweza kurudi nyuma na kuzima injini gari likiwa katika mwendo. Usukani ulikuwa mzito, breki zilipoteza msaada wa injini, na kubwa zaidi, mifuko ya hewa inayomkinga abiria wakati wa ajali ilikosa umeme wa kufunguka.

Malalamiko yalifika kwa kampuni mapema. Yalipofika, yaliainishwa kuwa "usumbufu kwa mteja" na siyo suala la usalama, kwa kuwa wahandisi walioyapokea hawakuunganisha kuzimika kwa injini na kutofunguka kwa mifuko ya hewa. Jina hilo la kundi liliamua nani atayashughulikia na kwa haraka kiasi gani. Itakumbukwa pia kwamba mafunzo yaliyotolewa kwa wafanyakazi wa kampuni hiyo mwaka 2008, ambayo serikali ya Marekani iliyaweka hadharani mwaka 2014, yaliwaelekeza kuepuka maneno kadhaa katika maandishi yao, miongoni mwayo neno "kasoro". Badala ya "tatizo" walitakiwa kuandika "suala" au "hali". Tasfida ina mahali pake katika lugha, lakini mahali pake si taarifa ya usalama.

Mwezi Aprili 2006 mhandisi msanifu wa swichi hiyo alitia saini waraka wa kuidhinisha badiliko: pini ndefu zaidi na springi yenye nguvu zaidi. Badiliko hilo lilikuwa jema. Lilitibu ugonjwa. Lakini namba ya kipuri haikubadilishwa. Swichi dhaifu na swichi imara, ambazo kwa nje zilifanana, zikawa zinaitwa jina moja.

Kwa kipimo cha umbo, mkao na kazi, kosa hili halina utetezi. Swichi mpya iliweza kushika nafasi ya ile ya zamani bila madhara, lakini ile ya zamani haikufaa kushika nafasi ya mpya. Uhusiano wa upande mmoja wa namna hiyo ndio hasa unaodai jina la pili. Madhara ya kutolitoa yalikuwa matatu.

Kwanza, ukweli ulifichika kwa wachunguzi. Wahandisi wa kampuni waliochunguza ajali baadaye waliona kwamba magari yaliyotengenezwa baada ya mwaka 2007 hayakuwa na matatizo ya aina ile. Walitafuta sababu katika kumbukumbu na hawakuiona, kwa kuwa kumbukumbu zilionesha kipuri kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Walipomwuliza msanifu kama palikuwa na badiliko, jibu lilikuwa hapana. Miaka ikapita.

Pili, aliyelifichua jambo hili hakuwa kompyuta wala mtunza kumbukumbu. Katika kesi iliyofunguliwa jimboni Georgia na wazazi wa kijana wa kike aliyefariki katika ajali mwaka 2010, mhandisi aliyeajiriwa na upande wa wazazi alinunua swichi mpya yenye namba ileile na kuifungua pamoja na ile ya gari la marehemu. Aliziona pini mbili zisizolingana urefu. Yaani ilibidi mtu aachane na jina na kukitazama kitu. Mwaka 2013 msanifu alipoulizwa chini ya kiapo alisema hakuwa na habari ya badiliko hilo. Waraka wenye saini yake ulitokea hadharani mwaka uliofuata.

Tatu, hata tiba ilikwamishwa na jina. Mwezi Februari 2014 General Motors ilianza kuwaita wenye magari hayo wayarudishe ili yabadilishwe swichi. Mwanzoni yaliitwa magari yaliyotengenezwa hadi mwaka 2007 tu. Lakini swichi dhaifu zilikuwa zimekwisha kuuzwa kama vipuri vya matengenezo, na kwa kuwa zilibeba namba moja na zilizo imara, hapakuwa na njia ya kujua ni ipi iliyofungwa katika gari gani. Mwezi Machi ikabidi waitwe pia wenye magari ya miaka ya 2008 hadi 2011, magari ambayo yalitoka kiwandani yakiwa salama. Jumla ikafikia takriban magari milioni 2.6.

Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Anton Valukas ilitolewa Juni 2014, na wafanyakazi 15 waliachishwa kazi. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 ili kumaliza shauri la jinai. Mfuko wa fidia ulioendeshwa na Kenneth Feinberg ulikubali madai ya vifo 124 na ya majeruhi 275.

5.0 Nyaya za A380

Tukio la pili halikuua mtu, lakini lafaa kutajwa kwa kuwa linaonesha upande mwingine wa tatizo. Kampuni ya Airbus ilianza mradi wa ndege kubwa ya A380 mwezi Desemba 2000. Sehemu za ndege hiyo zilitengenezwa Ufaransa, Ujerumani, Uingereza na Uhispania, kisha zikaunganishwa mjini Toulouse. Ndani yake mlihitajika kupitishwa takriban kilomita 530 za nyaya za umeme.

Mafungu ya nyaya yaliyotoka Hamburg yalipofika Toulouse, baadhi yake yalikuwa mafupi. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wasanifu wa Ujerumani na Uhispania walitumia toleo la nne la CATIA, ilhali wenzao wa Ufaransa na Uingereza walitumia toleo la tano. Matoleo hayo yaliitwa kwa jina moja, lakini toleo la tano halikuwa marekebisho ya la nne. Lilikuwa limeandikwa upya. Data zilipotafsiriwa kutoka toleo moja kwenda jingine, baadhi ya taarifa zilipotea, na mabadiliko yaliyofanywa upande mmoja hayakuonekana kikamilifu upande wa pili. Wasanifu walidhani wanasema lugha moja.

Mwezi Juni 2006 Airbus ilitangaza kwamba ndege zingechelewa. Mafundi mamia kwa mamia walihamishiwa Toulouse ili kuzipitisha nyaya kwa mkono. Mwezi Oktoba mwaka huohuo kampuni mama ya EADS ilikadiria kwamba ucheleweshaji ungepunguza faida yake kwa yuro bilioni 4.8 hadi kufikia mwaka 2010. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa Singapore Airlines tarehe 15 Oktoba 2007.

Msomaji wa historia ya Kiswahili hataliona jambo hili kuwa geni. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, tatizo lililokuwapo lilikuwa la jinsi hiyohiyo: nchi nne, Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja, zilihitaji vitabu vya shule vya lugha moja, ilhali kila upande ulikuwa na tahajia na msamiati wake. Kamati hiyo ilisoma miswada na kuipitisha kabla haijachapwa. Wapo waliolalamika, na wana haki, kwamba lahaja nyingine zilinyimwa nafasi zilizostahili. Pamoja na hayo, palikuwa na chombo kimoja kilichojulikana na wote, chenye mamlaka ya kusema badiliko lipi limekubaliwa. Airbus ilikuwa na mashine bora mara elfu kuliko chapa za mwaka 1930, lakini haikuwa imekamilisha kazi hiyo.

6.0 Funzo kwa Watunga Istilahi

Mambo haya yanawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa njia ya moja kwa moja. Programu za kusimamia data za bidhaa zinapofundishwa au kutafsiriwa kwa Kiswahili, neno "badiliko" hubebeshwa dhana nyingi: ombi, idhini, sahihisho la mchoro, hata kipuri kipya chenyewe. Huko ni kurudia kosa la swichi ndani ya istilahi.

Lugha inayo maneno ya kutosha kuzitenganisha dhana hizo. Neno sahihisho lafaa kutengwa kwa ajili ya badiliko la mchoro au maelezo lisilogusa umbo, mkao wala kazi. Na kitenzi sahihisha, chenye mzizi wa "sahihi", hubeba maana ya kuweka sawa kitu kilekile. Neno toleo lafaa kwa kile kilichotolewa rasmi kitumike, kama linavyotumika kwa vitabu na programu. Kwa badiliko linalozaa kipuri kingine, kitenzi badili chenyewe kina maana ya kutoa hiki na kuweka kile; kwa hiyo kibadala ni neno linalofaa kwa kipuri kipya kinachochukua nafasi ya cha zamani na kupewa namba yake. Mfanyakazi atakayesoma "sahihisho" atajua kwamba namba haiguswi. Atakayesoma "kibadala" ataulizia namba mpya. Tofauti hiyo itakuwa imewekwa katika nomino, mahali inapoweza kusafiri.

7.0 Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa huweza kusomwa kana kwamba ni hadithi ya vifaa visivyotosha: karatasi haikutosha ikaja kompyuta, na kompyuta haikutosha zikaja programu bora zaidi. Usomaji huo una upungufu. Katika tukio la swichi, taratibu zilikuwapo, kumbukumbu zilikuwapo, na badiliko lilitiwa saini. Programu ilihifadhi kwa uaminifu kile ilichoambiwa, nayo iliambiwa kwamba vitu viwili ni kimoja.

Kutoa jina jipya ni kazi ya dakika chache, lakini ina gharama yake kwa anayeifanya, kwani jina jipya hukiri kwamba cha zamani kilikuwa na walakini. Yeyote atakayeliulizia ataelezwa sababu. Wanaoandaa istilahi, kamusi na programu kwa ajili ya watumiaji wa Kiswahili watakutana na uamuzi huo mara nyingi, aghalabu katika mambo madogo kama pini iliyoongezwa urefu. Wakati huo inafaa wamkumbuke karani wa bohari, ambaye hana sentensi ya kumwongoza, na dereva ambaye hatajua kamwe ni swichi ipi aliyofungiwa.